Nyumba ya Ngamiani: muvi inayoanzia mwisho

*Kundi la familia, Jumamosi, saa 3 usiku*

Salim: Kaka Hamisi, ile muvi uliyoniwekea kwenye flashi ni mbovu. Inaanzia mwisho.

Hamisi: Memento? Si mbovu hiyo. Ndivyo ilivyo.

Salim: Mtu anauawa hata sijakaa sawa, halafu risasi inarudi kwenye bastola! Nimezima laptopu nikawasha mara tatu.

Hamisi: 😂😂 Ni hapo mwanzo tu ndipo inarudi nyuma kweli kweli. Umeiona ile picha anayoitikisa mkononi? Badala ya kutokea, inafifia mpaka karatasi inabaki nyeupe. Baada ya hapo kila kipande kinakwenda mbele kama kawaida, ila vipande vyenyewe vimepangwa kuanzia cha mwisho.

Salim: Na zile sehemu za rangi nyeusi na nyeupe, anapoongea na simu hotelini?

Hamisi: Hizo zinakwenda mbele. Za rangi zinarudi nyuma. Zinakutana mwishoni. Kwa hiyo mwisho wa muvi ni katikati ya kisa.

Salim: Kichwa kinaniuma.

Hamisi: Usijilaumu. Mimi niliionea kibanda umiza, enzi za CD mbili mbili. Haijafika mbali watu wakaanza kelele, "Wee, umeanza na CD ya pili!" Mwenye kibanda masikini akaitoa, akaweka ile nyingine. Ndiyo ikawa balaa kabisa. Mwisho akatuwekea ya Van Damme, tukatulia.

Zuhura: Na kiingilio hakurudisha.

Hamisi: Arudishe nini, alituona sisi ndio wakorofi.

Rukia: Hapa Mombasa DJ angetutafsiria. Sijui hii angeitafsiri vipi lakini. "Sasa steringi anafanya hivi kwa sababu ya jambo ambalo mtaliona baadaye lakini yeye ameshalisahau" 🤣

Salim: Nimefika pale anapokimbia. Anamwona mwingine naye anakimbia, anasema kumbe namfukuza huyu. Anamwendea, anarushiwa risasi. Kumbe yeye ndiye anafukuzwa 😭

Mama Mkubwa Mwajuma: Asalaam aleikum. Nani kafukuzwa? Salim umefukuzwa chuo?

Salim: Waaleikum salaam. Shikamoo mama mkubwa. Hapana, ni muvi.

Mama Mkubwa Mwajuma: Marahaba. Nimeweka bando sasa hivi nikakuta ujumbe umejaa. Mimi huanzia chini napanda. Nimesoma kafukuzwa, nikapanda nikakuta karushiwa risasi, moyo wote umeniruka.

Hamisi: Mama mkubwa shikamoo. Salim umeona? Alivyosoma mama mkubwa ndivyo muvi ilivyo. Amekutana na jibu kabla ya swali, na kila akipanda anajua kidogo kwa nini watu walisema walichosema. Muvi nzima iko hivyo.

Salim: Aaaah. Sasa nimeelewa. Darasani wangesema hivyo tungefaulu wote.

Mama Mkubwa Mwajuma: Inahusu nini hiyo picha?

Hamisi: Mwanamume anaitwa Leonard. Walivamiwa nyumbani, akapigwa kichwa. Ya zamani anayakumbuka yote, lakini jipya halikai. Dakika chache tu limepotea. Anamtafuta aliyemuua mkewe, na kwa vile hawezi kukumbuka, anapiga watu picha anaandika chini yake, na yale makubwa anajichora mwilini, tatuu.

Mama Mkubwa Mwajuma: Mbona hiyo ni Ghajini! Aamir Khan, kajichora kifua kizima. Nimeiona zaidi ya mara tano mimi.

Hamisi: Wahindi ndio waliochukua wazo huku. Memento ni ya 2000. Ghajini ya Kitamil ikatoka 2005, hiyo yako ya Aamir Khan ni ya 2008, na mwongozaji wa zote mbili ni yule yule.

Mama Mkubwa Mwajuma: Wamelichukua wakaliboresha. Kuna Kalpana pale, unampenda kwanza ndipo anauawa, unalia kwa haki. Hiyo yenu mke anaonekana?

Salim: Kidogo kidogo tu. Amefunikwa pazia la bafuni la plastiki, anapepesa jicho.

Mama Mkubwa Mwajuma: Na nyimbo?

Salim: Hakuna mama mkubwa.

Mama Mkubwa Mwajuma: Basi. Naenda kuswali isha, nitarudi.

Zuhura: Kwa kweli mama mkubwa ana hoja. Ghajini unamlilia mtu. Hii ya mwongozaji Nolan unakaa kama unakagua hesabu.

Hamisi: Dada, hukuiona vizuri. Ile ya kalamu hukuumia?

Salim: Ipi ya kalamu? Usinimalizie!

Hamisi: Muvi inaanzia mwisho, nitakumalizia nini? Sikiliza. Yule Natalie, uso umevimba, anamwambia Leonard kuna mwanamume kanipiga, nisaidie. Tunamwonea huruma. Kipande kinachofuata, ambacho ndicho kilichotangulia, tunamwona huyo huyo Natalie anazunguka sebuleni anakusanya kalamu zote, moja moja, anatia mkobani. Halafu anaanza kumtukana jamaa, anamtukania na mkewe marehemu, anamwambia usoni kwamba atamtumia na yeye hatakumbuka. Leonard anampiga. Natalie anatabasamu na damu mdomoni, anatoka, anakaa ndani ya gari nje. Anangoja tu. Ndani Leonard anahaha, anafungua droo, anatafuta kalamu aandike kabla haijampotea. Mlango wa gari ukilia tu, imekwisha. Natalie anaingia analia, "Kanipiga!" Naye anamkalisha, anamuuliza, "Nani?"

Rukia: Subhanallah.

Zuhura: Hiyo nakubali. Mimi nilisimamisha nikaenda kunywa maji.

Salim: Mimi sasa nimefika ile ya bia. Natalie anampa Leonard bia iliyotemewa mate, aone kama kweli anasahau. Akainywa.

Rukia: Salim tunakula hapa 🤮

Hamisi: Na mhudumu wa hoteli kampangisha vyumba viwili, vyote anamlipisha. Akikamatwa anakiri bila aibu, kwani anajua hatakumbuka.

Salim: Gesti za stendi huhitaji hata kusahau, unapigwa hivyo hivyo.

Salim: Dada Zuhura, wewe nesi. Ugonjwa huo upo kweli?

Zuhura: Upo. Kuna Mmarekani mmoja, Henry Molaison, vitabuni zamani waliandika H.M. tu kumficha jina. Alikuwa na kifafa kikali. 1953, akiwa na miaka 27, wakampasua wakatoa sehemu za ndani ya ubongo pande zote mbili. Kifafa kikapungua sana, lakini toka siku hiyo jipya likawa haliingii. Ameishi hivyo mpaka 2008.

Salim: Miaka 55!

Zuhura: Ndiyo. Mtafiti Brenda Milner alifanya naye kazi miaka mingi, na kila wakionana ilikuwa kama ndiyo kwanza wanajuana. Lakini kilichonishangaza mimi ni hiki: walimpa achore nyota huku anaangalia mkono wake kwenye kioo. Ni kazi ngumu, jaribuni. Kila siku akawa anachora vizuri zaidi, na kila siku anasema hajawahi kuifanya. Kichwa hakikumbuki, mkono umejifunza.

Hamisi: Ndiyo maana Leonard anamkataa yule Sammy!

Zuhura: Haswa. Leonard alikuwa mkaguzi wa bima. Sammy, mteja mwenye tatizo kama hilo hilo, akawa anapimwa na vitu vyenye umeme, waone kama mkono utajifunza kuvikwepa. Haukujifunza. Leonard akaamua basi si ubongo, ni akili yake tu, bima hailipi. Mke wa Sammy ana kisukari, anataka kujua ukweli. Anamwambia mumewe wakati wa sindano umefika. Anamchoma. Anarudisha saa nyuma, anamwambia tena. Anamchoma tena. Mimi nafanya kazi na insulini kila siku, ile sehemu sikuiweza.

Salim: Lakini Teddy, yule askari, si anasema mwisho kwamba mwenye kisukari ni mke wa Leonard? Ndiyo nimemaliza sasa hivi. Yaani kamuua mkewe mwenyewe, halafu hadithi kamvisha Sammy!

Hamisi: Umeona pale Sammy amekaa kwenye kiti hospitalini, mtu anapita mbele, na kufumba na kufumbua aliyekaa ni Leonard?

Salim: Nimerudisha nyuma, NIMEONA. Nywele zimenisimama.

Zuhura: Mimi Teddy simwamini. Askari gani huyo, anamtumia mgonjwa kuua watu, na kwenye buti la gari kuna dola 200,000.

Hamisi: Usimwamini, sawa. Lakini angalia Leonard mwenyewe anafanya nini baada ya kuambiwa. Anachoma moto picha zinazomsuta. Anachukua picha ya Teddy anaandika asiamini uongo wa huyu. Ananakili namba ya gari la Teddy akaichore mwilini. Wakati huo ANAJUA. Anajiandikia uongo akijua baada ya dakika chache atausoma kama ushahidi. Kumbe wa kumwogopa si Natalie wala Teddy.

Salim: Kesi ya nyani kapewa ngedere, na ngedere ni nyani yule yule kavaa suti.

Rukia: Suti yenyewe ya marehemu aliyemuua 😂

Salim: Aliyewaza hivi ana akili gani?

Hamisi: Wazo ni la mdogo wake Nolan, Jonathan. Alimsimulia garini, safari ya Chicago kwenda Los Angeles. Mkubwa akatengeneza muvi, mdogo akaandika hadithi fupi.

Salim: Sisi Tanga–Dar tunagombania dirisha.

Hamisi: Kabla sijasahau na mimi. Mchango wa mabati ya nyumba ya bibi: wote wameshatoa 50,000, bado mmoja. Anajijua. Fundi anaanza Jumatatu.

Mjomba Athumani: HAMISI MIMI NILISHALIPA.

Salim: Shikamoo mjomba.

Mjomba Athumani: MARAHABA. NILILIPA ZAMANI.

Hamisi: Shikamoo mjomba. Kwenye simu sijaona muamala wako.

Mjomba Athumani: NILIKUPA MKONONI. NIMEANDIKA KWENYE DAFTARI. MIMI NIKIANDIKA NIMEANDIKA.

Rukia: Baba, acha.

Mjomba Athumani: SIACHI. NGOJENI NIPIGE PICHA.

Zuhura: Anapiga picha na maelezo chini yake 😂😂😂

Mjomba Athumani: 📷 *Picha: ukurasa wa daftari. "Nimempa Hamisi 50,000 ya mabati, mkononi. Tarehe 31 Juni."*

Salim: Mjomba, kwa heshima zote. Juni ina siku ngapi?

Hamisi: Na wino bado mbichi, umechafua ukurasa wa pili.

Rukia: 🙈 Babaaa

*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Mkubwa Mwajuma: Nimerudi. Nani kafuta nini?

Salim: Panda juu taratibu mama mkubwa, utakutana nayo.