Kutoka A320 kwenda B450, B550 au X570 kwa Ryzen 5 5600: tuangalie chipseti au VRM?

pini1331
Wakuu salaam. Kuna mashine ya prosesa ya Ryzen 5 5600 imekaa kwenye mazabodi ya A320, RAM 2x8 GB DDR4-3600 CL18, kadi ya michoro ya RX 6600 na NVMe moja (SSD ya kasi). Kazi zake ni Blender, kuhariri video, na magemu usiku. RAM inagoma kuwaka kwa 3600, inakubali 3200 tu, na BIOS (programu ya kuwashia ubao) haina sehemu ya kugusa kizidishio, ile namba inayoamua kasi ya prosesa. Dukani kuna B450 ya mtumba, B550 mpya na X570 ya mtumba, hizi mbili za mwisho bei zimekaribiana. Baadaye mpango ni kuweka prosesa kubwa zaidi, 5900X. Je, X570 inaovakloki (kupandisha kasi kupita ya kiwandani) vizuri kuliko B550? Na kwa 5600 hii kuna faida ya maana kweli?

FeziKumi
Chipseti yenyewe haiovakloki kitu. Kwenye AM4, soketi ya prosesa hizi, ina kazi mbili: ni kitasa cha AMD (A320 na A520 kizidishio kimefungwa, B350, B450, B550, X370, X470 na X570 kiko wazi), halafu inagawa njia za ziada za PCIe, SATA na USB. Ukishavuka kitasa, kinachoamua ni VRM, yaani ile safu ya koili na mosifeti pembeni ya soketi inayoshusha volti 12 hadi volti 1 na kitu.

Piga hesabu. 5900X kwa mipangilio ya kiwandani inaruhusiwa 142 W, na mkondo wa muda mrefu wa 95 A. VRM imegawanywa katika fezi, yaani njia za umeme zinazogawana mzigo: ubao wa fezi 4 kila fezi inabeba karibu 24 A. Wa fezi 10 kila moja inabeba 9.5 A. Joto la ukinzani linakua kwa mraba wa mkondo: 4 × 24 × 24 ni kama 2,300, na 10 × 9.5 × 9.5 ni kama 900. Kwa mosifeti za aina moja, ubao wa kwanza unatoa joto mara mbili na nusu, tena limerundikana sehemu ndogo. (Hasara ya kuwasha na kuzima mosifeti haimo humo, lakini picha ndiyo hiyo.)

Namba ya kwenye boksi usiimeze nzima. Katika "4+2", 4 ni za viini, 2 ni za SoC (sehemu ya prosesa inayoshughulikia RAM na mawasiliano). Na wengine wanahesabu koili, si fezi za kidhibiti. MSI B550 Tomahawk imeandikwa 10+2+1, na zile 10 zimepangwa mbilimbili. Bado ni VRM nzuri sana, kwa sababu kila kipande ni cha 60 A na hitisinki yake ni chuma kizito.

5600 yako ina kikomo cha 76 W na 60 A. Hiyo hata fezi 4 zenye hitisinki zinaimudu bila kelele. Kinachobadilisha jibu ni 5900X.

kitasa_wazi
Kwenye VRM sina ugomvi. Upande wa njia za PCIe: kadi ya michoro na NVMe ya kwanza zinaunganishwa moja kwa moja na prosesa, hazipiti kwenye chipseti kabisa. Kwa hiyo mwenye kadi moja na NVMe moja halambi chochote cha ziada kwa X570. Njia za chipseti ni PCIe 2.0 kwenye B450, 3.0 kwenye B550, 4.0 kwenye X570. Ukiwa na NVMe mbili au tatu ndipo utaona tofauti. Kwenye B450 ile ya pili inabanwa. Kwenye B550 nyingi ukiichomeka ya pili, milango miwili ya SATA inazimika. Soma kitabu chake kwanza.

RX 6600 ina njia 8 tu. Kwa PCIe 3.0 (B450) unapata kama 8 GB kwa sekunde, kwa 4.0 (B550 na X570) kama 16. Magemu mengi hayataona, mpaka ile kumbukumbu ya 8 GB ya kadi ijae, hapo ndipo picha inaanza kukatika.

X570 ya mtumba ina ugonjwa wake: chipseti inakula kama 11 W, na nyingi zina kifeni kidogo juu yake. Kikianza kukwaruza, kukipata cha kufanana ni kazi. Zile za X570S za 2021 hazina feni. Kwa bei zilizokaribiana, B550 mpya yenye hitisinki ya maana. Angalizo: 5600G na 5500 zinaishia PCIe 3.0 hata ukiziweka kwenye X570, na zina kashe ya L3 ya 16 MB badala ya 32.

pini1331
Asanteni. Ile B450 ni 4+2 yenye hitisinki upande mmoja, BIOS ya 2019, na bei yake ni karibu nusu ya B550. Nikiiweka sasa na kusahau 5900X?

FeziKumi
Kwa 5600 inafaa, ila BIOS ya 2019 haiijui prosesa hiyo, haitawasha picha. Tafuta BIOS ya 2022 au ya baadaye. Kama ubao una kitufe cha Flashback (cha kusasisha BIOS kutoka kwenye fleshi): fleshi ya FAT32, faili ubadilishe jina kama kitabu kinavyosema (kwa MSI ni MSI.ROM), chomeka waya wa pini 24 na ule wa pini 8, bonyeza, subiri taa iache kupepesa. Prosesa wala RAM hazihitajiki. Umeme ukikatika katikati utaanza upya, na bila Flashback ungeweza kuua BIOS, hivyo tumia UPS. Kama hauna kitufe hicho, muuzaji aisasishe kwa prosesa ya zamani mbele yako, la sivyo achana nayo.

Baada ya hapo, endesha Cinebench R23 (jaribio la kuipa prosesa kazi nzito) ya dakika 30 huku HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi, ikiwa wazi. VRM ikibaki chini ya 90 °C, safi. Ikigonga 105 na kuendelea, ubao unaweza kuiamuru prosesa ijibane, na utaona kasi imeanguka hadi karibu 550 MHz, halafu inapanda, inaanguka tena. Watu wengi wanailaumu prosesa hapo. Kama ubao hauna kipimo cha VRM, fuatilia huo mwanguko wa kasi.

NyuziZaRAM
Faida ya 5600 iko kwenye RAM na Curve Optimizer (mpangilio wa BIOS wa kupunguza volti za kila kiini), si kwenye kufunga viini vyote 4.6 GHz kwa volti zisizobadilika. Hiyo ni ya zamani: unapata joto tu.

RAM kwanza. Vijiti viwili vikae sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Washa XMP (mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa kwenye RAM), weka 3600, kisha FCLK, kasi ya njia ya mawasiliano ndani ya prosesa, uiandike mwenyewe 1800, usiiache Auto. Fungua programu ya ZenTimings: MCLK (kasi ya RAM), FCLK na UCLK (kasi ya kidhibiti cha RAM) zote zisome 1800. UCLK ikisoma 900 umepoteza ulichokitafuta. Volti ya RAM 1.35, ya SoC 1.1 inatosha. Pima kwa MemTest86 raundi 4. Ukiona WHEA-Logger namba 19 (taarifa ya hitilafu ya vifaa) kwenye Event Viewer ya Windows, FCLK imezidi uwezo, ishushe hata kama kompyuta haijawahi kukwama.

Kisha Curve Optimizer, viini vyote hasi 10. Kila hatua ni kama 3 hadi 5 mV. Endesha CoreCycler, inayojaribu kiini kimoja kimoja, usiku kucha; ikipita, ongeza hasi kwa 5. Viini viwili bora mara nyingi ndivyo vinavyokataa mapema, kwa sababu vinapanda kasi kuliko wenzao. Makosa hujitokeza kompyuta ikiwa haina kazi au ikiwa na kazi nyepesi, si kwenye Cinebench. Kwa hiyo kupita Cinebench si ushahidi. WHEA namba 18 inataja APIC ID (namba ya uzi wa prosesa uliokosea): kwa 5600 igawanye kwa mbili upate kiini, ukianza na sifuri. ID 6 au 7 ni kiini namba 3.

Feni ya Wraith Stealth iliyokuja nayo ikibaki, usiguse kikomo cha 76 W. Prosesa hii inaishia 90 °C, na chumba cha nyuzijoto 31 hakina nafasi ya kuchezea.

kitasa_wazi
Siku ya kuhamisha: kama BitLocker (ulinzi wa diski wa Windows) imewashwa, nakili ufunguo wake kwanza, maana fTPM, hifadhi ya funguo za usalama, ya ubao mpya haiujui na Windows itauomba. Na pini za AM4 ziko kwenye prosesa. Endesha kazi nzito dakika 10 pasta ilainike, zima, halafu zungusha hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukiivuta wima prosesa inang'oka nayo huku soketi imefungwa.