Wenye wazee Marekani: Medicare na Medicaid zimewasaidiaje? Tupeane uzoefu

Wakuu habari. Tulio Marekani na wazazi tunao, hebu tumwage uzoefu hapa, maana wengi wanadhani mzee akigonga 65 akapata Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) basi hadi nyumba ya wazee imelipiwa. Wapi!

Naanza. Bi mkubwa alivunjika nyonga, akalazwa, akapasuliwa, akahamishiwa kituo cha wauguzi na mazoezi. Siku 20 za kwanza Medicare ililipa yote, kuanzia ya 21 tukawa tunachangia kila siku, na mwisho kabisa ni 100. Ila hiyo 100 sio ahadi, wakiona hahitaji tena nesi wala mazoezi wanakata mapema. Baada ya hapo kuogeshwa, kuvalishwa, kulishwa, Medicare haimo, ndo tukakimbilia Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo.

Mtu wa Pwani: Mkuu umeruka kitu. Kwa Medicare ya kawaida, ili kituo kilipiwe lazima awe amelazwa hospitali rasmi siku 3 mfululizo. Baba mkwe alilala hospitali vizuri tu, kumbe kwenye makaratasi yuko "chini ya uangalizi", hajalazwa! Bili ya kituo ikatuangukia sisi. Ulizeni mapema, tena kwa sauti.

Dada Mkubwa: Medicaid yenyewe ni ya asiye na kitu, na kila jimbo lina masharti yake. Wanapekua mali alizogawa miaka 5 nyuma. Mama alishamwandikishia kaka nyumba bure, basi wakampiga kipindi cha kutolipiwa, kaka na mimi hadi leo salamu ni za shingo upande. Na mzee akifariki jimbo linaweza kudai hela yake kwenye mali aliyoacha. Uzuri wake sio lazima aende kituoni, kuna mipango ya kumtunza nyumbani na majimbo mengi mtoto anaweza kulipwa kwa kazi hiyo. Foleni sasa, mh.

Kobe: Na aliyemleta mzazi juzi kwa grini kadi je? Hajawahi kufanya kazi huku hata siku moja.

Mtu wa Pwani: @Kobe akiwa na 65 na amekaa miaka 5 mfululizo anaruhusiwa kuinunua Medicare kwa kulipia kila mwezi, na sehemu ya hospitali kwa asiye na historia ya kazi ni ghali haswa. Kabla ya hapo mtafutie bima binafsi.

Kobe: Duh. Mke wa huyo mzee anayo historia ya kazi, miaka 12 ya kufanya usafi hospitalini, naye ana 67.

Dada Mkubwa: Sasa si ungesema! Miaka 10 inatosha, mume anapitia kwa mke, hiyo ya hospitali hailipiwi kila mwezi. Kaulizeni ofisi ya Social Security (hifadhi ya jamii).