Tupeane uzoefu: kujua mwaka wa picha za zamani kwa sare za askari na mavazi

#1
Wakuu, uzi huu ni wa wote wenye picha za mababu sandukuni zisizo na tarehe. Tuweke mbinu, hadithi za ukoo tuziache kwanza: ni alama gani ya kuangalia, inatupa mwaka gani, na inadanganya wapi.

Naanza na kanuni. Alama nyingi zinatoa mpaka mmoja tu, "si kabla ya". Koti la mwaka 1917 mtu anaweza kulivaa hadi linachakaa, hata miaka 15. Kwa hiyo tafuta kitu kipya kuliko vyote kwenye picha. Hicho ndicho kinachokuamulia. Wengi hufanya kinyume, wakiona sare ya zamani wanaandika mwaka wa sare.

Kabla ya yote skani mbele na nyuma, dpi 600 kwa picha kubwa, 1200 kwa ndogo ya saizi ya pasipoti. Maandishi ya penseli yaliyofutika nyuma: zima taa ya chumba, laza tochi pembeni mwa karatasi, mikwaruzo ya penseli itatoa kivuli. Usisugue uchafu kwa mate. Picha imeshikwa na gelatini, ikilowa inalainika na sura inaondoka na kidole. Iliyogandia kwenye kioo iskani hivyo hivyo na kioo chake.

#2
Swali linaloulizwa sana: babu alikuwa askari wa Mjerumani au wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki)? Angalia kichwani kwanza. Askari wa Schutztruppe (jeshi la Mjerumani lililoundwa 1891) alivaa tarbushi ndefu yenye kitambaa cha kaki juu yake, kipande kikining'inia kufunika shingo, na mbele ndege tai wa chuma. KAR iliundwa 1902. Kofia yao ya vitani nayo ilikuwa na kitambaa cha shingoni, ila ni fupi, kama kopo, na haina tai.

Halafu bunduki. Kombania nyingi za Mjerumani (vikosi vya askari wake) ziliingia vita vya 1914 na Mauser ya mwaka 1871: ndefu, ya risasi moja moja, hivyo huoni kisanduku cha risasi chini yake. Ya Mwingereza ya miaka hiyo, Lee-Enfield fupi, mbao yake inafika hadi mdomoni na pua yake ni bapa kama imekatwa kwa msumeno. Ukiona inchi kadhaa za mtutu wazi nje ya mbao, huenda ni Lee-Enfield Namba 4, toleo la Vita vya Pili, na hapo picha imesogea mbele miaka mingi.

Tahadhari: kikosi cha 6 KAR cha Tanganyika kilianzishwa 1917, na walioingizwa mwanzoni walikuwa askari wa Mjerumani waliotekwa. Mtu mmoja anaweza kuwa na picha mbili zenye sare mbili za majeshi yaliyopigana, na zote zikawa za kweli. Msiichane mojawapo mkidhani si yeye.

Miguu pia. Vitambaa virefu vilivyozungushwa kutoka kifundo hadi chini ya goti vilitumika pande zote mbili, havikusaidii. Na pekupeku haina maana ya umaskini wala ya picha kuwa ya nyumbani. Kabla ya Vita vya Pili askari wa KAR mara nyingi alikuwa pekupeku au na makubadhi hata kwenye gwaride.

#3
Nyongeza juu ya nishani, maana hapo ndipo mwaka unapopatikana kwa uhakika zaidi. Tepe za Vita vya Pili: Africa Star ilianzishwa Julai 1943, Burma Star Mei 1945, na War Medal Agosti 1945. Nyota zenyewe ni za chuma, pembe sita, lakini tepe zilivaliwa kwanza, chuma kikaja baadaye. Kwa hiyo kifua chenye vipande vya utepe tu, na mvaaji bado yumo kwenye sare, kwa kawaida ni 1944 hadi mwisho wa miaka ya 1940.

Kwenye picha nyeusi na nyeupe Africa Star ni utepe mweupe-mweupe wenye mstari mzito katikati. Burma Star ni kinyume, kingo nyeusi. Askari aliyepita Abisinia kisha Burma anazo zote mbili, zikipangana kuanzia katikati ya kifua kuelekea kwapa.

Baada ya hapo tafuta utepe wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani. Ni Africa General Service, ipo tangu 1902, lakini waliopigana dhidi ya Mau Mau waliipata kwa huduma ya Oktoba 1952 hadi Novemba 1956. Mwenye utepe huo kando ya nyota za Vita vya Pili, weka picha si kabla ya miaka ya 1950.

Kama nishani za Vita vya Kwanza bado zipo nyumbani, soma ukingo wake kwa kioo cha kukuzia: namba, cheo, jina na kikosi vimechongwa pale. Msizing'arishe kwa Brasso, maandishi yanalika.

Nishani ziko kifua cha kulia? Basi ama ni ndugu amevaa za marehemu, ama picha imegeuzwa.

#4
Hilo la kugeuzwa lisipitwe haraka. Negativu ikiwekwa upande usio sahihi kila kitu kinahama. Angalia koti: la mwanamume upande wa kushoto wake hulala juu ya wa kulia. Angalia pia komeo la bunduki, linapaswa kuwa kulia. Vyote vikiwa kinyume, igeuze kwenye programu ndipo uanze kusoma.

Na rangi. Filamu za zamani, hadi miaka ya 1930, nyingi hazikuiona rangi nyekundu, ikatoka nyeusi. Buluu ikatoka nyeupe. Kwa hiyo usibishane kama tarbushi ilikuwa nyekundu au nyeusi kwa kutazama picha ya 1912. V za cheo za askari wa Mjerumani zilikuwa nyekundu, kwenye picha ni giza tupu juu ya kaki, usizikose ukadhani ni kiraka.

#5
Mataji. Taji la enzi za wafalme matao yake yamepinda juu kama kuba. La Malkia Elizabeth, kuanzia 1953, yamebonyea katikati. Beji ya KAR, yenye baragumu, haina taji, basi litafute juu ya V tatu za mkononi au kwenye kofia ya polisi. Beji za zamani ziliendelea kuvaliwa mwaka au miwili baada ya kutawazwa, kwa hiyo taji la mfalme halimaanishi lazima kabla ya 1953. La Malkia ndilo lenye nguvu.

Dirisha jembamba kuliko yote ni neno "Tanganyika Rifles" begani: kuanzia Desemba 1961 hadi maasi ya Januari 1964. Miaka miwili na kidogo. JWTZ ni kuanzia 1 Septemba 1964, na JKT ilitangulia, Julai 1963. Kenya, "Kenya Rifles" ni kuanzia Desemba 1963.

#6
Kwa picha za akina mama: kanga yenye maandishi ya Kiarabu ni ya zamani kuliko yenye herufi za Kirumi, ingawa kanga ya bibi huvaliwa na mjukuu. Sketi fupi sana na wigi Dar es Salaam, fikiria kabla ya 1969. Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku mavazi hayo, ilianza 1 Januari mwaka huo. Bugaluu (suruali pana chini) na raizoni (viatu vya soli nene) ni miaka ya 1970, na suti ya Kaunda inaanzia miaka ya 1960.

Suti ya studio msiiamini. Studio zilikuwa na koti, tai, saa na hata redio za kuazima. Mikono ya koti ikifunika vidole, si lake. Viatu ndivyo vyake.

#7
Wengi wanasahau karatasi. Chukua taa ya kukagulia noti, zima nyingine zote, mulika ukingo mweupe. Ukiwaka buluu-nyeupe, karatasi si ya kabla ya miaka ya 1950. Usipowaka haithibitishi kitu. Kona ikivunjika na kuonyesha tabaka la plastiki, ni mwisho wa miaka ya 1960 au baadaye.

Sasa mtu ana picha ya askari mwenye tai wa chuma kofiani na karatasi inawaka. Si bandia. Imepigwa upya kutoka picha ya zamani: tafuta kivuli cha pini kwenye kona, mikunjo inayoonekana lakini kidole hakiisikii, na ukingo wa pili ndani ya ukingo. Hapo andika miaka miwili, wa sare na wa karatasi, kisha waulize ndugu wa upande mwingine wa ukoo. Ya kwanza huenda iko kwao.