Bledi ya kusawazisha njia ya shamba kwa MF 35

Shamba la Ganda
Salaam wadau. Njia yangu ya shambani hapa Malindi ni mita 400 za mchanga, na magurudumu yameichimba mifereji miwili. Nataka kifaa cha kufunga nyuma ya trekta yangu, Massey Ferguson 35 (MF 35), niisawazishe msimu huu wa mvua. Fundi amependekeza bledi (pleti ya kukwangua udongo) moja ya kuinuliwa kwa haidroliki. Nimpe vipimo gani?

Chuma Chakavu
Bledi moja sikushauri. Pua ya trekta ikipanda kinundu, bledi huchimba. Ikishuka, bledi hupaa, na njia yote hubaki mawimbi. Mwambie aunde fremu ya chaneli (chuma chenye umbo la U) ya milimita 100 × 50 yenye bledi mbili, moja nyuma ya nyingine kwa sentimita 50, na nyayo ndefu pembeni. Nyayo ndizo zishike usawa.

Unyayo ni pleti ya milimita 8, urefu futi 4, kimo sentimita 25, ncha ya mbele imeinuka kama omo la dau. Makali yashuke milimita 12 tu chini ya nyayo. Ukizidisha, MF 35 itakwama mchangani. Upana upite tairi za nyuma sentimita 5 kila upande.

Makali tafuta kisu kikuukuu cha greda, kina matundu tayari. Ukikosa, springi ya lori iliyonyooshwa. Usiichomelee! Ina kaboni nyingi, hupasuka kando ya mchomo ikipoa. Funga kwa bolti za milimita 12. Drili ikigoma, pasha pa kutoboa hadi pawe pekundu, fukia kwenye majivu makavu mpaka kesho yake.

Pini na Bolti
Hapo juu sawa, ila pini za kufungia fremu kwenye mikono ya trekta ndizo hukoseshwa sana. MF 35 inataka milimita 22 chini na 19 juu. Mabega ya pini za chini (pale pini inapoanzia kwenye fremu) yaachane milimita 683, mlingoti unaobeba pini ya juu uwe sentimita 46 juu yake. Fundi akikuwekea za 28, hizo ni za trekta kubwa, hazitaingia.

Shamba la Ganda
Shukran. Niivute lini? Na kutu je, upepo wa bahari unafika huku.

Chuma Chakavu
Subiri mvua za kwanza za masika. Mchanga mkavu hutiririka ukarudi ulikotoka. Gia ya chini, haidroliki shusha yote fremu ielee. Ikirukaruka, ongeza magunia mawili ya mchanga juu. Pasi za mwisho fupisha mkono wa kulia wa kuinulia sentimita 6, zuia haidroliki kidogo, ushike upande wa kushoto wa njia kwenda na kurudi. Katikati patabaki juu na maji yatamwagika pembeni. Penye jiwe la tumbawe inua mapema, bolti hukatika.

Pini na Bolti
Kutu: sugua kwa brashi ya waya, redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mikono miwili, kisha rangi ya mafuta. Makali yapake grisi tu. Na fundi asichomelee bomba la mabati bila kuondoa zinki, moshi wake huleta homa. Ukibadilisha makali, weka magogo chini ya fremu. Haidroliki ya zamani hushuka yenyewe.