Bakteria anayekata DNA yake anapounda spora: mbona kizazi chake hakirithi mkato huo?

MwalimuChumbageni (Tanga):
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha baiolojia kidato cha sita. Juzi nilikuwa nikieleza kwa nini maziwa yaliyochemshwa huweza kuharibika yakikaa, kwamba moto huua bakteria lakini spora zao, yaani seli zilizolala ndani ya magamba magumu, hustahimili, ndipo mwanafunzi mmoja akauliza swali lililonishinda. Amesoma kwamba Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, hukata kipande cha DNA yake anapounda spora. Kama ni kweli, mbona bakteria anayechipuka kutoka kwenye spora hiyo bado anacho kipande kilekile? Sitaki kumjibu kwa kubahatisha.

BintiKaole (Bagamoyo):
Shikamoo Mwalimu. Jibu limo katika kujua ni seli ipi inayokatwa. Bakteria huyo akikosa chakula hujigawa kwa ukuta unaojengwa karibu na ncha moja badala ya katikati, zikapatikana seli mbili, kila moja na kromosomu yake: ndogo itakayokuwa spora, na kubwa, yaani seli mama, inayoimeza ile ndogo na kuilea. Jeni iitwayo sigK imetenganishwa na mfuatano wa herufi za DNA zipatazo 48,000 uliojipenyeza ndani yake, kwa hiyo haisomeki. Katika seli mama pekee hutokea kimeng'enya SpoIVCA, ambacho huutoa mfuatano huo ukiwa duara na kuunga pande mbili za jeni. Protini inayopatikana, sigma-K, ndiyo inayowasha jeni za magamba ya nje ya spora. Patrick Stragier, Richard Losick na wenzao walilieleza jambo hili mwaka 1989. Kromosomu ya seli ndogo haiguswi. Seli mama, ikishamaliza kulea, hupasuka na kufa pamoja na mkato wake.

MwalimuChumbageni:
Marahaba, binti yangu. Basi seli mama ni kama mwili, na spora ni kama mbegu ya uzazi. Je, ule usemi wetu wa darasani kwamba seli zote za kiumbe zina DNA ileile niuache?

MzeeWaMaabara:
Usiuache, Mwalimu, ila uuwekee mipaka. Hata sisi binadamu, seli za damu zinazotengeneza kingamwili hukata na kuunga upya jeni zake, na Susumu Tonegawa alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kuligundua hilo. Ningependa pia mwanafunzi asidhani kwamba kipande hicho ni cha lazima kwa kila bakteria aundaye spora. B. subtilis aliyeondolewa kipande chote bado aliunda spora vizuri, na kipande chenyewe kina sura ya masalia ya virusi vinavyoshambulia bakteria. Kwa Clostridioides difficile, bakteria wa utumbo, hali ni tofauti: watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba aina zisizo na kipande cha namna hiyo huunda spora kwa shida. Kwa hiyo yaliyothibitika kwa bakteria mmoja tusiyahamishie kwa mwingine kabla ya kupima.