Dar es Salaam hadi Matema na mahema: je, inafaa kufika Mbeya kwa siku moja?

Msafiri wa Tabata aliuliza:

Habari za leo, ndugu zangu. Mwishoni mwa mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, natarajia kuondoka Dar es Salaam na mke wangu pamoja na watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine 6, kwenda Matema kwenye Ziwa Nyasa. Tutalala kwenye mahema njia nzima, kwa kuwa ndiyo ahadi niliyowapa watoto tangu mwaka jana. Gari ni Prado ya zamani ya dizeli, na dereva ni mimi peke yangu. Nimepanga siku ya kwanza niendeshe hadi Mbeya, kama kilomita 830, kwa hoja kwamba basi likitoka alfajiri hufika usiku wa siku hiyo hiyo. Shemeji yangu anasema ninajitafutia matatizo. Naomba ushauri wa waliopita njia hiyo wakiwa na hema, si waliolala gesti.

Mzee wa Ipogolo alijibu:

Ndugu Msafiri, shemeji yako amekushauri vyema. Basi lina madereva wawili wanaopokezana, na likifika stendi saa 4 usiku kazi yake imekwisha, ilhali wewe ukifika saa hiyo kazi ya kuijenga nyumba ndiyo kwanza inaanza. Kwa anayelala kwenye hema, hesabu ya siku haianzi kwenye kilomita. Inaanza kwenye machweo, ambayo kwa majira hayo pande za Iringa huwa karibu saa 12 na nusu jioni, kisha unarudi nyuma hadi saa ya kuwasha gari.

Mimi ningeondoka saa 11 alfajiri, kabla Kimara na Kibaha hazijafunga kwa foleni. Morogoro utafika kama saa 3 asubuhi, na hapo ndipo pa kunywa chai. Baada ya hapo barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kupita hakulipiwi, lakini hairuhusiwi kushuka kwenye gari, matuta ni mengi, na penye kiingilio pana bango linaloonyesha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Watoto wataona twiga na pundamilia kupitia dirishani, nawe utatembea pole pole upende usipende.

Mlima Kitonga usiupange kwa dakika. Siku njia ikiwa nyeupe, bila foleni, utaupanda bila kujua kama umepanda. Siku lori likilala kwenye kona, foleni yaweza kula saa nzima au hata tatu. Ukiona matawi ya miti yamepangwa barabarani, punguza mwendo mara moja, kwani mbele kuna gari limeharibika. Kabla ya kuanza kupanda, simama Ruaha Mbuyuni, acha injini ipumzike, angalia mshale wa joto, na nunua vitunguu, maana kwingine hutavipata vizuri hivyo. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa bado ya moto. Nimeshuhudia mtu akiungua uso mzima.

Ukijaliwa, saa 10 jioni utakuwa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Usipandishe mjini, endelea na barabara ya Mafinga kama kilomita 50 hadi Kisolanza, ambako wenye mahema wamezoeleka. Utafika na saa nzima ya mwanga mkononi. Kesho yake hadi Matema kupitia Uyole na Tukuyu zinabaki kama kilomita 400 hivi.

Mama Pacha alijibu:

Naunga mkono, nikiongeza jambo ambalo wanaume husahau. Mwaka juzi tulifika kambini saa 2 usiku, hema letu lilikuwa jipya na halijawahi kufunguliwa, na tukagundua kwa mwanga wa taa za gari kwamba vigingi vilikuwa chini kabisa ya buti, vikiwa vimelaliwa na gunia la mkaa, ndoo na mabegi yote. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, na nyundo ilikuwa imebaki nyumbani. Pacha mmoja alilala na viatu, mwingine alilia hadi akapitiwa na usingizi. Baba yao aligongea vigingi kwa spana ya magurudumu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, lisimamisheni hema hilo uani kwenu mara mbili kabla ya safari, na siku ya kuondoka liwe kitu cha mwisho kuingia kwenye gari. Chakula cha jioni cha siku hiyo kipikwe nyumbani. Nyinyi mpashe moto tu. Halafu msidanganywe na joto la Dar: kati ya Iringa na Makambako mwezi huo usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na baridi ya hema hutoka chini, kwa hiyo blanketi la kulalia lina maana kuliko la kujifunika.

Kijana wa Uyole alijibu:

Mimi nimewahi kuendesha Dar hadi Mbeya kwa siku moja, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo sitasema haiwezekani. Nilikuwa peke yangu, sikuwa na mtoto wa kuomba kujisaidia kila baada ya saa moja, na nililala kitandani. Hata hivyo, kipande cha kutoka Makambako hadi Igawa usiku, malori yakikuangazia taa kamili machoni, sikitamani tena.

Msafiri wa Tabata aliandika:

Nawashukuru sana, wazee na ndugu zangu. Nimekubali Kisolanza. Swali dogo kwa Mzee: ikitokea Kitonga imefungwa hadi saa 11 jioni, nifanyeje?

Mzee wa Ipogolo alijibu:

Hapo pandisha Iringa mjini ulale gesti, na hema libaki kwenye gari. Watoto waambie zamu yake ni kesho.