Msaada: kipimo cha mkononi cha kupima maji kwenye rangi, hiki nilichouziwa kinanichanganya

NdooLita20

Wakuu, habari za majukumu.

Nina karakana ndogo ya rangi hapa Tanga. Kazi kubwa ni rangi ya maji, ndoo za lita 20, na ya mafuta natengeneza kidogo kwa oda. Kuna mkandarasi kanirudishia ndoo mbili, moja imefunguliwa na nyingine haijaguswa, anadai rangi yangu ni maji matupu. Nyumba aliyopaka imeota malengelenge na rangi inabanduka. Mwenye nyumba hataki kumlipa, na yeye hataki kunilipa mimi.

Fomula yangu naijua: maji ni asilimia 45 kwa uzito, vitu vikavu asilimia 52, kilichobaki ni dawa ndogondogo. Ila nikisema hivyo ananijibu "thibitisha". Ndiyo nikaenda kununua kipimo cha mkononi, kile chenye sindano mbili mbele na kioo kidogo. Muuzaji kaniapia kinapima unyevu wa kitu chochote. Nikikichomeka kwenye rangi yangu ya maji, namba inapanda mpaka mwisho. Rangi ya kampuni kubwa, mpaka mwisho vilevile. Nikikitia kwenye rangi ya mafuta hakisemi kitu, hata nikimwagia maji kidogo makusudi na kukoroga.

Je, ni kibovu au mimi ndiye sijui kukitumia? Na kama kuna kipimo cha mkononi kinachofaa kweli, nielekezeni. Natanguliza shukrani.

Msomaji Tu

Mkuu hicho mpelekee fundi seremala, atakushukuru. Umeuziwa mashine ya mbao.

Dada wa Maabara

Msomaji Tu kasema kwa utani lakini ndiyo hivyo hasa. Kaka, kipimo chako si kibovu. Zile sindano mbili zinapitisha umeme kidogo sana katikati yake na kusoma ukinzani. Mbao ikiwa na maji umeme unapita kwa urahisi, ikikauka unazuiwa, na mtengenezaji amekokotoa namba zake kwa mbao, kwa kawaida kuanzia kama asilimia 6 hadi 40 hivi. Ukikitumbukiza kwenye rangi ya maji kinakutana na maji yenye chumvi za dawa za kutawanyia unga, umeme unapita moja kwa moja, kinagota juu. Rangi ya asilimia 35 ya maji na ya asilimia 60 zitakupa jibu moja. Kwenye rangi ya mafuta, mafuta yenyewe hayapitishi umeme, na yale maji uliyomwagia yamekaa kama vitone vilivyozungukwa na mafuta pande zote. Sindano haziwezi kuyaona.

Sasa kabla hujatafuta mashine nyingine, jiulize unachotaka kujua ni nini. Mkandarasi hakuulizi kiasi cha maji kwa ajili ya elimu. Anasema ndoo imeongezwa maji. Swali hilo linajibika kwa mizani.

Chukua chombo chenye ujazo unaojulikana kamili. Maabara tuna kikombe cha chuma cha mililita 100 chenye kifuniko chenye tundu, rangi inayozidi inatokea juu na unaifuta. Kipime kitupu, kijaze, kipime tena. Rangi yenye fomula kama yako nakisia ina uzito wa kilo 1.4 hivi kwa lita. Ndoo ya lita 20 ni kilo 28. Mtu akiongeza lita 2 za maji, sasa una kilo 30 kwenye lita 22, yaani kilo 1.364 kwa lita. Kwenye kikombe cha mililita 100 itakuwa gramu 136.4 badala ya 140. Gramu tatu na nusu hata mizani ya dijitali ya bei ndogo inaziona. Angalizo: rangi isiwe na mapovu, iache itulie baada ya kukoroga, na zote ziwe kwenye joto moja.

Halafu unathibitisha kwa oveni. Utaratibu wa ASTM D2369 (ASTM ni shirika la Marekani la viwango vya upimaji) ni kupaka sampuli ndogo, chini ya gramu moja, kwenye kisahani cha foili na kukausha kwa nyuzi 110 kwa saa 1. Kinachobaki ni vitu vikavu, kilichopotea ni maji pamoja na kila kinachovukika. Kwa sampuli ndogo hivyo unahitaji mizani ya kusoma mpaka sehemu ya elfu ya gramu. Huna? Weka gramu 3 ukitumia mizani inayosoma gramu 0.01, lakini itandaze iwe nyembamba sana, vinginevyo juu panafunga ngozi na maji yanabaki chini yake. Fanya visahani vitatu kwa kila rangi.

Ulihifadhi sampuli ya akiba ya bechi hiyo?

NdooLita20

Dada, Mungu akubariki. Sampuli ya akiba ipo, huwa naweka kopo la lita moja kwa kila bechi. Mizani ya 0.01 naweza kupata kwa sonara. Oveni ya mke wangu ya keki inafaa?

Dada wa Maabara

Kwa rangi ya maji inafaa kama una kipimajoto cha kuweka ndani, maana kitufe cha oveni za nyumbani si cha kuaminika. Fungua madirisha, na keki isipikwe siku hiyo. Rangi ya mafuta USIITIE humo hata kidogo. Mvuke wa thina kwenye oveni iliyofungwa yenye waya mwekundu ni mlipuko.

Mtu wa Saiti

Mnampa mtu shida bure. Chukua kikombe cha mnato, kile chenye tundu chini, hesabu sekunde mpaka rangi iishe. Ikitoka haraka ina maji. Mbona miaka yote tunafanya hivyo?

Dada wa Maabara

Kikombe kile ni kizuri kwa kujua kama rangi itapita kwenye bunduki ya kupulizia. Kwa maji kinadanganya. Ukiongeza kijiko cha unga wa kuzitisha, rangi yenye maji mengi inakuwa nzito hata mwiko unasimama. Na nyingi za mtaani ndivyo zinavyouzwa: nzito kwenye ndoo, ukipaka mikono minne bado plasta inaonekana. Uzito wa lita na oveni haviwezi kuhadaiwa kirahisi hivyo. Hata uzito wa lita peke yake una njia ya kuchezewa, mtu akiongeza maji na chokaa nyingi pamoja, ndiyo maana nasema vitumike vyote viwili.

Kokoto Ndogo

Sisi wa maabara ya barabara tuna kopo la presha la kupimia unyevu wa mchanga. Unatia mchanga, unatia kabaidi, unafunga na kutikisa. Maji yakigusa kabaidi inatoka gesi, unasoma kwenye saa ya presha. Linabebeka kabisa, dakika chache umemaliza. Halifai kwa rangi?

Dada wa Maabara

Wazo zuri ila kwa rangi yake hapana. Saa ile imetengenezwa kwa unyevu mdogo wa mchanga na udongo. Rangi ina karibu nusu yake maji, itakubidi utie kiasi kidogo mno, na gundi ya rangi inafunika chembe za kabaidi kabla hazijamaliza kazi, kwa hiyo kila ukirudia unapata namba nyingine. Na ile gesi ni asetilini, hiyohiyo ya mafundi wa kuchomelea.

Pampu Namba 3

Nachangia upande wa rangi ya mafuta. Sheli tunapima maji chini ya tenki kwa dawa ya kupaka kwenye kijiti. Unapaka ncha ya kijiti, unazamisha mpaka chini kabisa, unasubiri kidogo, sehemu iliyogusa maji inabadilika rangi. Kama shaka yako ni pipa la thina lililokaa nje wakati wa mvua, hii inakuonesha maji yamefika sentimita ngapi. Maji ni mazito kuliko thina ya petroli, yanazama yenyewe.

Dada wa Maabara

Hiyo nimeipenda, na ndiyo njia ya kwanza ambayo ningeitumia kwa mapipa. Kasoro yake ni kwamba inaona maji yaliyotuama tu, yale yaliyoyeyuka ndani ya thina haiyaoni. Kwa hayo kuna mrututu. Ule wa buluu unaouzwa maduka ya dawa za kilimo una maji ndani yake. Ukiupasha moto polepole kwenye bakuli la kauri mpaka ugeuke unga mweupe, maji yametoka. Tia chembe kwenye thina kidogo ndani ya chupa safi kavu, tikisa. Ukirudi kuwa buluu, maji yamo. Haukupi asilimia, unakupa ndiyo au hapana. Ni sumu, kwa hiyo bakuli hilo lisirudi jikoni, na usiuchome kwa moto mkali ukaweusha.

Ukitaka asilimia yenyewe kwenye rangi ya mafuta, hapo ni kipimo cha Karl Fischer, mkemia Mjerumani aliyekitangaza mwaka 1935. Iodini inatumika kwa uwiano na maji yaliyomo, ukijua iodini iliyokwisha umejua maji. Kwa rangi kuna utaratibu wake, ASTM D4017. Mashine zake ni za mezani na kemikali zake zinahitaji uangalifu, kwa oda zako chache usinunue, lipia sampuli kwenye maabara ya chuo au TBS, shirika la viwango. Waambie mapema kama thina ina asetoni. Asetoni ikikutana na methanoli ya kipimo hicho inazalisha maji mengine humohumo, na utasomewa maji ambayo hayakuwemo.

Brashi Kongwe

Nimesoma yote, hakuna aliyeuliza habari za ukuta. Mimi napaka tangu ndoo zilikuwa za bati. Rangi ya maji iliyozidishwa maji haioti malengelenge, bwana. Inakuwa nyepesi, haifuniki, ikikauka inatoa unga ukipitisha kiganja. Malengelenge ni maji yanayotoka nyuma yake. Hebu kijana tuambie, plasta ilipigwa lini, ikapakwa lini, na imevimba wapi, chini au juu?

NdooLita20

Shikamoo mzee. Nimemuuliza fundi wake. Plasta katikati ya Aprili, rangi wiki ya kwanza ya Mei. Imevimba zaidi chini, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti, na ukuta wote wa upande wa bafu.

Brashi Kongwe

Marahaba. Basi sina la kuongeza! Wiki tatu, tena masika, tena Tanga! Plasta ya saruji hata wakati wa jua tunaipa wiki nne, wakati wa masika inataka zaidi. Chini mpaka gotini angalia kama msingi uliwekewa nailoni ya kuzuia maji yasipande. Upande wa bafu angalia bomba. Sasa hicho kipimo chako walichokicheka hapa kichukue ukachome ukutani.

Dada wa Maabara

Mzee kanishinda, nilizama kwenye ndoo nikasahau nyumba. Kweli, kwenye ukuta kipimo chako kina kazi. Usiisome namba kama asilimia ya maji ya plasta, kwa sababu ni kipimo cha mbao. Linganisha. Piga ukuta mkavu unaoujua, mfano wa ndani wa zamani au juu ya dirisha, kisha piga penye malengelenge, kwenye usawa tofauti tofauti, na uandike. Chumvi nayo inapandisha namba, kwa hiyo kama walitumia mchanga wa pwani hata ukuta mkavu utaonekana mbichi. Ndiyo maana uongeze jaribio la nailoni: kipande angavu cha sentimita 45 kwa 45, kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne, kiache angalau saa 16. Kwa asili ni jaribio la zege, ASTM D4263, ila ukutani linakupa picha. Matone yakionekana upande wa ndani au ukuta chini yake ukiwa umeiva rangi nyeusi, maji yanatoka ukutani na kila mtu anayaona kwa macho.

NdooLita20

Wakuu, nimerudi na majibu.

Kikombe cha mililita 100 nilitengenezewa na fundi wa bati, nikakihakiki kwa maji safi kwenye mizani ya sonara. Sampuli ya akiba gramu 140.2. Ndoo isiyoguswa 140.1. Ndoo iliyofunguliwa 135.6. Oveni: akiba imebaki asilimia 51.9, iliyofunguliwa 47.6.

Ukuta: juu ya dirisha kipimo kinasoma 13, penye malengelenge usawa wa kifundo cha mguu 31, gotini 24, ukuta wa bafu 30 kwenda juu. Nailoni tuliibandika jioni mbele ya mkandarasi mwenyewe, kesho yake adhuhuri ilikuwa inatiririka kwa ndani.

Dada wa Maabara

Hesabu zako zinasemezana vizuri. Gramu 135.6 ni sawa na lita 2 na nusu hivi za maji kwenye ndoo nzima ya lita 20, na oveni inakuja hapohapo. Ndoo iliyofungwa inalingana na akiba, kwa hiyo maji yaliongezwa saiti. Lebo yako inaruhusu kiasi gani?

NdooLita20

Lita 2.

Dada wa Maabara

Basi wamezidisha kidogo. Usiliwekee uzito mkubwa hilo kwenye mazungumzo, haliharibu nyumba na litamfanya ajitetee bure. Mpeleke kwenye ukuta.

Brashi Kongwe

Na usimwambie apake tena juu yake. Rangi iliyovimba ikwanguliwe yote, bomba la bafu litazamwe, ukuta uachwe wazi upigwe upepo. Kila wiki mchome na hicho kidude palepale mlipoweka alama ya penseli. Namba za chini zikikaribia ile 13 ya juu ya dirisha na nailoni ikilala kavu, praima ya kuzuia magadi kwanza, ndipo rangi. Kama chini hapashuki hata Julai, tatizo ni msingi, na hapo wa kulipwa na wa kulipa wakae wenyewe, wewe muuza rangi haumo.

Mtu wa Saiti

Ila mkuu, lebo iandike pia habari ya wiki nne. Mimi sijaiona kwenye ndoo nyingi za karakana ndogo.

NdooLita20

Nimeshampigia mchapaji, lebo mpya zinatoka Jumatatu. Mkandarasi amekubali kulipa nusu sasa, nusu ukuta ukikauka. Kipimo amekiazima.